Baht 1,000 za Kupanda Jiwe Lisilo na Dafu

Mzigo ulikuwa umeshafungwa. Siku tano za Pratunam, soko la nguo la Bangkok, sizielezi. Aliyewahi kwenda kuchukua nguo kule anazijua, na ambaye hajawahi hatafaidika na chochote nikimwambia blauzi kumi na mbili zilikuwa bei gani. Nataka kuandika habari za siku tatu zilizofuata, hasa ile saa moja ya siku ya pili ambayo nikiikumbuka viganja vinatoa jasho mpaka leo.

Safari hii sikuwa peke yangu. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alichukua likizo kazini akaniganda. "Wifi, unakwenda Thailand kila mwaka na hujawahi hata kulowesha mguu baharini kwao?" Mie mtu wa Tanga, bahari nimezaliwa naiona bure. Kulipa nauli ya ndege nikaangalie bahari ya wenzangu niliona ni kufuru. Lakini anayejua uwifi anajua: ukimkatalia wifi jambo, hujamkatalia yeye, umeukatalia ukoo mzima, na kikao kitakaa.

Alishaanza kunichosha siku tulipoingia nchini. Sisi wa Tanzania tukishuka pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, hatuendi moja kwa moja uhamiaji. Kwanza kuna dirisha la afya, unaonyesha kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi ya wifi haionekani. Tukaitafuta dakika arobaini sakafuni, mkoba umemwagwa, watu wanaturuka. Ikapatikana ndani ya pakiti ya pedi. "Niliweka mahali ambapo mwizi hawezi kugusa," akasema. Nikamnyang'anya. Kuanzia hapo pasi zote mbili na kadi zote mbili zikakaa kwenye mkoba wangu, pamoja na visheti alivyonipa mama. Ukumbuke huo mkoba.

Krabi ni kusini, saa moja na kitu kwa ndege kutoka Bangkok. Pale Ao Nang, mji wa ufukweni, unaambiwa Railay, tulikokuwa tunakwenda, haina barabara. Si kisiwa, imeshikana na bara, ila majabali yameikata, kwa hiyo ni boti tu. Boti zao ni ndefu, nyembamba, zimefungwa vitambaa vya rangi puani, na nyuma kuna injini ya gari kabisa iliyounganishwa na chuma kirefu chenye pangaboi mwishoni. Nauli ilikuwa baht 100 kwa kichwa, baht ndiyo hela yao, na nahodha haondoki mpaka watimie wanane. Tulikuwa sita. Tukakaa juani tukisubiri wawili, nikajisikia niko Mbagala.

Ufukwe wa magharibi ni mzuri, siwezi kusema uongo. Vyumba vya magharibi lakini ni vya wenye hela zao. Sisi tulichukua upande wa mashariki, baht 1,400 kwa usiku, kama laki moja na elfu tano ya kwetu, chumba cha feni, bomba la maji ya moto linatoa hewa. Asubuhi nikafungua dirisha nione bahari. Maji yamekupwa. Tope, mikoko, kaa wanakimbia. Nimepanda ndege tatu kuja kuona Tongoni, mikoko ya kwetu Tanga.

Na dafu baht 80. Shilingi elfu sita! Limechongwa vizuri, limewekewa mrija na ua, sawa, lakini ni dafu. Nikamwambia wifi mie sinywi, bora nipige simu nyumbani niulizie hali ya minazi.

Chakula hakikutusumbua. Mkoa ule una Waislamu wengi, mama wenye ushungi wanauza kuku wa kuchoma, na kuna roti za ndizi ambazo wifi alikuwa anakula mbili kabla ya chai na moja baada ya chai. Ni kwa muuza roti ndipo balaa lilipoanza. Ubavuni mwa kibanda chake kulikuwa na bango, picha ya msichana wa Kizungu ananing'inia kwenye jabali, anacheka. Kupanda miamba, nusu siku, baht 1,000, wasiojua wanakaribishwa. Wifi akalipiga picha. Nikajua nimekwisha.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Babu mzaa mama alikuwa mkwezi, Pangani. Alikwea minazi ya watu tangu kijana, analipwa kwa mnazi, panga kiunoni na kitanzi cha kamba miguuni, hana kingine. Siku moja baada ya mvua aliteleza. Hakufa, ila nyonga ilikaa upande mpaka anaingia kaburini. Tangu hapo mama yangu akiona mtu amesimama juu ya stuli anabadilisha taa, husoma dua kwa sauti. Sisi ni watu wa chini. Duka langu Kariakoo liko chini, nyumba ya kupanga nilikataa ghorofa ya tatu.

Nilimweleza wifi yote haya. Akanisikiliza vizuri, kwa heshima, halafu akasema, "Basi nitalipa mie peke yangu, wewe utashika simu." Nikaona nimepona. Tulipofika akalipia wawili.

Ukuta wenyewe uko mashariki, wanauita One-Two-Three, ndipo wanapowapeleka wasiojua. Ilikuwa alasiri, jua limeshahamia upande wa pili wa majabali, kuna kivuli. Jiwe ni la chokaa, jamii moja na la mapango yetu ya Amboni, limejaa matundu na ncha, juu linaning'inia kama nta ya mshumaa iliyoganda. Wageni walianza kulipanda mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo eneo lile lina mamia ya njia, kila moja na namba ya ugumu wake. Yetu ilikuwa 5. Mwalimu akasema 5 ni ya watoto. Pembeni kweli kulikuwa na mtoto wa Kizungu wa miaka kama minane anapanda huku anaimba. Sikumpenda yule mtoto.

Mwalimu alikuwa kijana wa pale pale Krabi. Aliponiona na ushungi alinipa salamu ya Kiislamu, kisha akaanza kuniita "phi". Nikauliza ni nini. Akasema ni mkubwa wako, kama dada au kaka. Moyo ukalainika kidogo. Mtu anayekuita dada hawezi kukudondosha hivi hivi.

Viatu vyao ni vya mpira, vinabana mpaka vidole vinakunjwa kama ngumi, bila soksi, na vimeshapita miguu ya dunia nzima. Nilivaa suruali ya mazoezi ya wifi, juu yake mkanda wa kiunoni wenye vitanzi viwili vya mapajani, na ukikazwa unatembea kama bata. Kamba ikafungwa mbele kwa fundo lenye umbo la nane, akalikagua, akanifanya na mie nilikague. Kiunoni kikaning'inizwa kifuko cha unga mweupe wa kukausha jasho mikononi. Kamba inatoka kwako, inapanda mpaka juu, inapita kwenye pete, inarudi chini kwa mwalimu, na yeye ana kidude kinachoibana ukianguka.

Mie mfanyabiashara, nikaona vyuma jabalini vina kutu, nikauliza. Akanieleza bila kuficha: chumvi ya bahari na jiwe lile vinakula hata chuma kisichoshika kutu. Nje kinang'aa, ndani kimeshakufa, siku moja kinakatika. Kwa hiyo siku hizi wanatoboa jiwe na kugundishia vyuma vya titani, ambavyo chumvi haiviwezi. Nikamuuliza, hiki cha juu yangu ni kipi? Akacheka. Sikukipenda kile kicheko. Kisha akasema, "Titani, phi, titani."

Mita tatu za mwanzo zilikuwa kama kupanda kitanda cha ghorofa. Mwalimu anasema, "Amini miguu, si mikono." Mie nikaamini mikono. Ikifika mita kama nane mikono haina kitu tena, imekuwa kama ya mtu aliyefua mablanketi ya msiba. Mguu wa kulia ukaanza kucheza peke yake, tiki tiki tiki, kama fundi anashona sare za shule usiku wa kuamkia kufungua. Nikakumbatia jabali. Shavu jiweni, macho nimefumba, namwona babu.

"Phi, juu!" mwalimu anaita. "Wifi, unaweza!" wifi anaita, simu mkononi. Na mie sisemi kitu, kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na ile video itafika kwenye kundi la ukoo kabla sijashushwa.

Nilipofumbua macho sikuangalia juu wala chini, niliangalia pembeni, kwenye mikoko. Ndipo nikaona tumbili. Anakuja taratibu, mkia juu, kama mtu aliyetumwa. Mkoba wangu uko juu ya jiwe, hatua mbili nyuma ya wifi.

"Wifi! Mkoba!"

"Usiogope wifi, nakuona, unapendeza!"

"Mkoba, wifi! Tumbili!"

"Jikaze! Karibu unafika!"

Wazungu waliokuwa njia ya jirani wakaanza kupiga makofi. Mwalimu hajui Kiswahili, anasikia mama mtu mzima anapiga kelele ukutani, kwake hiyo ni kazi ya kila siku, akaikaza kamba na kuniambia nivute pumzi. Tumbili ameshashika mshipi wa mkoba. Nikatoa mkono mmoja kuelekeza. Wifi akanipungia. Nikatoa wa pili, nikaelekeza kwa mikono yote miwili na kichwa, na mdomo wangu ukatoa maneno ambayo kwenye video nimeyafuta.

Nikiwa katika hali hiyo nikatambua kwamba sijashika kitu. Nilishuka kidogo, kamba ikanyumbuka, ikatulia. Nimekaa. Nimekaa hewani, kama mtu yuko kwenye bembea ya sikukuu, na jabali liko mbele yangu linanitazama.

Wifi akageuka hatimaye. Mwalimu naye akaona, akapiga hatua moja, akasimama. Angekwendaje? Mwisho wa kamba yake ni mie. Kwa hiyo aliyekimbia ni wifi, na viatu vile vya kukunja vidole, kwenye tope la maji kupwa mpaka magotini, huku tumbili ameshapanda mkoko. Zipu ya ule mkoba hukwama kila siku mpaka niipake mshumaa. Tumbili aliifungua mara moja. Pasi ya kwanza ikadondoka. Pasi ya pili. Kadi za njano zikashuka taratibu kama majani. Kanga yangu ya kusalia. Alipofika kwenye visheti akatulia, akakaa vizuri, akavila kimoja kimoja huku anamwangalia wifi tope limemfika mapajani anaokota karatasi. Mie nilikuwa na kiti bora kuliko wote.

Mwalimu aliposhiba kucheka akauliza: juu au chini? Nikapiga hesabu. Baht 1,000 ni shilingi elfu sabini na tano, na njia nimeila nusu tu. Nikasema juu. Sikupanda kwa ushujaa, kila hatua nilikuwa napumzika kwenye kamba kama mzee kwenye benchi la zahanati, lakini nilifika. Juu kuna pete mbili za chuma. Nikazigusa. Nyuma yangu bahari, boti, mikoko, na mtu mmoja mdogo anafuta pasi kwa kanga.

Zamu ya wifi ilipofika alipanda mita mbili akasema anashuka. Nilikuwa nimeshika simu. Ile video haijatumwa popote. Ni akiba.

Siku ya mwisho tulikwenda ufukwe wa Phra Nang. Kuna pango la mzimu wa binti mfalme, ambapo wavuvi humwekea nadhiri, na nadhiri zenyewe ni vinyago vya mbao vya maumbile ya kiume, vidogo kwa vikubwa, vimepangwa kama miiko ya ugali sokoni. Kusimama pale na wifi yako, usijue macho uyapeleke wapi! Amboni kwetu watu huweka vitu vyao vya mzimu, lakini vina staha. Njiani kuna vibao vya njia ya kukimbilia mawimbi, kwa sababu ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ile ile iliyofika mpaka pwani yetu. Mshale unaelekeza mlimani. Niliuangalia nikasema moyoni, sasa ningefika.

Jioni nikampigia mama simu Tanga. Nilitaka kumficha, wifi akapayuka nyuma yangu. Mama akanyamaza, nikasikia anasoma dua. Alipomaliza akauliza kwa utulivu:

"Walikulipa shilingi ngapi?"

"Nimelipa mie, mama. Elfu sabini na tano."

"Na juu kulikuwa na nini?"

"Pete mbili za chuma. Titani."

Akafikiri.

"Hukuchukua hata moja?"