Kifaa cha pH kilichopanda alfajiri: nilivyosaka umeme unaovuja kwenye bodi

Kifaa cha kupima pH (kiasi cha asidi au besi majini) nilicholetewa hapa Kisumu kilikuwa kinasoma maji ya ziwa 9 na ushei alfajiri, kisha ikifika saa nane mchana kinashuka hadi 8 na kidogo. Mwenyewe ni mama anayefuga tilapia kwenye vizimba upande wa Dunga. Alikuwa ameshanunua probu mpya, ile fimbo inayotumbukizwa majini, na shida ikabaki palepale. "Fundi, ni hii mashine ama ni ziwa?" akaniuliza.

Swali zuri, kwa sababu pH ya ziwa hubadilika kweli ndani ya siku moja. Usiku kila kilicho hai majini kinapumua na kuacha kaboni dioksaidi, kwa hivyo kunapokucha pH huwa chini. Jua likiwaka, mwani unaitumia ile gesi na pH inapanda. Kifaa chake kilikuwa kinasema kinyume kabisa. "Ziwa halina makosa, mama," nikamwambia. "Niachie hiyo bodi."

Jambo la kwanza nililofanya ni kuunganisha pini ya kati ya soketi ya probu na ganda lake. Hapo kifaa kinapaswa kusoma 7.00, nacho kilisoma hivyo bila kutikisika. Mafundi wengi wangekirudisha kwa mwenyewe kwa kipimo hicho, lakini kipimo hicho huficha ugonjwa. Probu ya pH ni glasi, na glasi hiyo ina ukinzani wa megaohimu 100 (ohimu milioni 100) hivi, pengine zaidi. Ukiweka waya mtupu mahali pake, umeme wowote unaovuja unapita kwenye waya na hauonekani. Basi nililehemu rezista 10 za megaohimu 10 kwa mfululizo, nikaweka mnyororo huo badala ya waya. Asubuhi iliyofuata, mvua imenyesha usiku kucha, kilisoma 8.6.

Hesabu yake ni fupi. Nanoampia 1 (sehemu moja ya bilioni ya ampia) ikipita kwenye megaohimu 100 inazaa milivolti 100. Kwenye joto la digrii 25, kila pH moja ni milivolti 59 hivi. Kwa hivyo nanoampia moja tu, ambayo mita ya kawaida ikiwekwa kupima ampia haiwezi hata kuiota, inakudanganya kwa pH 1.7. Chipu iliyokuwemo, inayopokea umeme wa probu, ni CA3140, ambayo pembejeo yake (mguu wa kuingizia umeme) kwa kawaida huvuta pikoampia 10 (sehemu moja ya mia ya nanoampia), yaani milivolti 1 kwenye rezista zile. Haikuwa yenye hatia, na nilikataa kuibadilisha.

Ukiitazama chipu hiyo, utaona pini ya 3 ndiyo inayopokea probu, na jirani yake, pini ya 4, ina volti 5 hasi. Kati yao ni nafasi ndogo ya bodi. Ikiwa uchafu hapo umeshusha ukinzani hadi gigaohimu 5 (ohimu bilioni 5), nanoampia yako imepatikana, na inavuta kuelekea upande wa hasi, ambao kwenye kifaa cha pH ndio upande wa kupanda.

Kuthibitisha hakukuhitaji mashine ya bei. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa megaohimu 10 kwenye volti za DC. Nilichomoa chipu, nikaweka betri ya volti 9 kwenye tundu la pini ya 4, na mita kati ya pini ya 3 na upande wa pili wa betri. Kila milivolti 10 inayoonekana ni nanoampia 1. Kisha nikaipumulia bodi pumzi ya moto, kama mtu anayefuta miwani. Namba ikaruka papo hapo. Nikaikausha kwa mashine ya nywele, ikarudi chini. Unyevu ndio ulikuwa unaamsha uchafu.

Uchafu wenyewe ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na floksi (dawa ya kulehemia) iliyobaki chini ya soketi ya chipu, na juu yake utando wa kunata. Kumbe kuna aliyekuwa ameisafisha kwa sanitaiza. Sanitaiza nyingi zina gliserini ya kulinda ngozi, na gliserini hunyonya maji kutoka hewani. Spiriti ya kidonda nayo siipendi, kwani mara nyingi hutiwa mafuta ya mbarika. Niling'oa soketi, nikasugua kwa mswaki na alkoholi ya isopropili safi, nikamwaga nyingine mpya kabla ya ya kwanza kukauka, maana ikikauka palepale umehamisha uchafu tu. Halafu nikasuuza kwa maji ya betri (yale yaliyochujwa kwa mvuke, si asidi!) na kuikausha kwa joto la digrii 60 hivi mchana kutwa.

Soketi sikuirudisha. Nililehemu chipu moja kwa moja, pini ya 3 nikaikunja juu isiguse bodi, nikaivutia waya mgumu hewani hadi kwenye soketi ya probu. Haipendezi kutazama, lakini hewa haishiki floksi. Kwa anayechora bodi mpya kuna njia nadhifu: zungusha pete ya shaba kwenye njia ya pembejeo, uilishe volti ileile kutoka tokeo la chipu (mguu wa kutolea umeme). Pande mbili zikiwa na volti sawa, hakuna cha kusukuma mkondo. Pete hiyo iachwe wazi bila ile rangi ya kijani inayofunika bodi, kwa sababu umeme huu hutambaa juu ya rangi pia.

Ilibaki soketi ya probu, ambayo yule mama alikuwa akiishika kwa vidole vyenye maji ya samaki. Niliisafisha, nikamwonyesha jinsi ya kuifunika kwa mpira kila anapotoa probu. Alfajiri nyingine yenye unyevu, mnyororo wa rezista ulisoma 7.02. Nikampigia simu aje achukue, na aje na pesa za isopropili.