Kutoka pango la Morrone hadi Collemaggio: nyayo za Papa Selestini V

Mahujaji wengi huenda L'Aquila, mji wa Italia, moja kwa moja, wakasali kaburini, wakarudi zao Roma. Mimi nilianzia Sulmona, na kila mwenye ibada kwa Papa Selestini V, mkaapweke aliyechaguliwa papa mwaka 1294 na kung'atuka mwaka huo huo, namshauri vivyo hivyo. Usipoliona kwanza pango alimoishi, utadhani kung'atuka kwake kulikuwa woga.

Kutoka Sulmona mjini hadi abasia ya Roho Mtakatifu ni kilomita 5 hivi. Hapo palikuwa makao makuu ya watawa wake, ambao Papa Urbano IV aliwaweka chini ya kanuni ya Mtakatifu Benedikto mwaka 1263. Ukiinua macho utaona kijumba kimeganda kwenye jabali la mlima Morrone: ndiyo Sant'Onofrio, makao yake ya upweke. Njia ni ya mawe na ngazi, nusu saa kwa mwendo wa taratibu. Panda asubuhi na ubebe maji, kwani alasiri jua huupiga mlima usoni na kivuli ni haba. Viatu viwe vya soli inayoshika. Kosa la wengi ni kupanda bila kuulizia mjini. Mlango haufunguliwi kila siku.

Juu kuna kikanisa kidogo chenye picha za ukutani, na chini yake pango ambamo wenye maumivu ya mgongo huegemea mwamba wakiomba. Wajumbe walimfuata huku Julai 1294. Tangu Nikolasi IV afariki, Aprili 1292, makardinali walikuwa hawajaelewana. Tarehe 5 Julai wakamchagua mkaapweke huyu, Petro wa Morrone, mzee wa miaka 80 hivi.

Sulmona hadi L'Aquila treni huchukua kama saa moja. Yeye aliingia mjini humo juu ya punda, mfalme Karolo II wa Napoli na mwanawe wakimshikia hatamu. Stesheni iko bondeni, mji uko kilimani. Mwenye mzigo atafute basi la mjini. Kanisa la Collemaggio, ambalo uso wake ni wa mawe meupe na ya waridi, ndilo alimovikwa taji tarehe 29 Agosti 1294.

Kaburi lake lilichongwa mwaka 1517 kwa gharama ya chama cha wafanyabiashara wa sufu. Kaa hapo kitambo. Baada ya kuvikwa taji alihamia Napoli, na huko, ndani ya ngome ya mfalme, alijijengea chumba cha mbao mfano wa kile cha mlimani. Tarehe 13 Desemba alivua mavazi ya upapa, akitaja udhaifu wa mwili, upungufu wa elimu na hamu ya utulivu wa maisha yake ya kwanza. Alipowatoroka walinzi wa mrithi wake, Bonifasi VIII, alikimbilia wapi? Sant'Onofrio, pale pale. Alikamatwa baadaye, akafia kizuizini Fumone tarehe 19 Mei 1296. Klementi V alimtangaza mtakatifu mwaka 1313.

Tetemeko la 6 Aprili 2009 lilibomoa sehemu ya kanisa upande wa altare. Mwili wake ulitolewa salama. Siku 22 baadaye Papa Benedikto XVI aliweka juu ya jeneza palio yake, ule ukanda wa sufu avaao papa mabegani. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2017.

Ukitaka rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa, ambayo Selestini aliiweka kwa hati ya Septemba 1294, angalia sana tarehe. Mlango Mtakatifu uko ubavuni mwa kanisa, hauko mbele. Hugongwa mara tatu kwa fimbo ya mzeituni jioni ya 28 Agosti, na hufungwa jioni ya 29, kwa sababu muda wake ni kutoka masifu ya jioni hadi masifu ya jioni. Anayewasili usiku wa 29 akidhani siku ingalipo ataukuta umefungwa. Ungama, pokea Komunyo, ombea nia za Baba Mtakatifu. Msitari ni mrefu zaidi mara tu mlango unapofunguliwa. Asubuhi na mapema tarehe 29 utapita kwa nafasi, na utaweza kusimama kaburini bila kusukumwa.