Kabla ya kulipia kikao, uliza ni tiba gani

Ushauri nasaha una njia nyingi. Mwenye hofu, mfiwa ambaye huzuni imegoma kumtoka, na mke na mume wasiosemezana hawatibiwi kwa njia moja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mshauri yeyote, awe Nakuru au Kisumu, liwe hili: unatumia tiba gani, na kwa nini inanifaa mimi?

Chukua mtu aliyenusurika ajali pale Salgaa, na tangu hapo hapandi matatu. Huyu anafaa tiba ya fikra na tabia, ile CBT. Kwa kawaida huwa vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki, dakika 50 hivi. Mshauri na mteja huandika ngazi ya hofu, kila hatua na alama yake kati ya 0 na 10: kusimama steji ukitazama magari, kukaa ndani ya matatu iliyoegeshwa, kwenda Njoro na kurudi, kupita Salgaa mchana na mwenzako, kisha kupita peke yako. Hatua hurudiwa mpaka hofu ishuke kama nusu, ndipo uende inayofuata.

Kinachoharibu zoezi hili ni kushuka garini wakati hofu imepanda kabisa. Unapata nafuu papo hapo, lakini akili inajifunza kwamba kilichokuokoa ni kushuka, na safari ijayo inakuwa ngumu zaidi. Kuna pia kinga za chini kwa chini, kama kuongea na mtu kwa simu njia nzima. Mwambie mshauri wako ukweli kuzihusu, maana zikibaki, hofu nayo hubaki.

Kwa huzuni iliyoanza baada ya msiba, ugomvi au mabadiliko makubwa ya maisha, mimi hutanguliza tiba ya mahusiano, IPT: vikao 12 hadi 16. Katika vikao vya kwanza mnaorodhesha watu muhimu maishani mwako, kisha mnachagua tatizo moja au mawili tu ya kushughulikia. Mjane anayevutana na shemeji zake kuhusu shamba ana mambo mawili, kilio cha kumpoteza mumewe na ule mvutano, na kila moja lina kazi yake. Kule Uganda, Masaka na Rakai, tiba hii ilijaribiwa kwa vikundi mwaka 2002 ikiongozwa na wenyeji waliofunzwa, wasio madaktari, na dalili za huzuni zikapungua sana. Kisumu pia tiba hii imefanyiwa utafiti.

Kwenye ndoa, watu wetu hudhani ushauri ni kikao cha wazee kilichohamia ofisini. Wazee husikiliza, wakaamua nani alipe nini. Mshauri wa wanandoa haamui kesi; anatazama mnavyogombana. Mke analalamika, mume ananyamaza na kutoka, mke anapaza sauti zaidi, mume anakawia kurudi: mzunguko huo ndio unaotibiwa. Wengi huanza na kikao cha pamoja, kisha kila mmoja peke yake, kisha pamoja tena. Kabla ya kile cha peke yako, uliza kama siri utakayoitoa itabaki hapo au itarudi mbele ya mwenzako. Lisipowekwa wazi mapema, hili huvunja tiba nzima.

Palipo na kipigo au vitisho, msiende pamoja. Anayepigwa hawezi kusema ukweli akiwa ameketi karibu na anayempiga, na akiusema, anaweza kuulipia nyumbani usiku huo. Aanze peke yake, kwa usalama wake. Namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure.

Mshauri awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya Kenya ya mwaka 2014. Omba kuona cheti, ni haki yako. Vikao vitano au sita vikipita bila mabadiliko yoyote, mwambie mpitie upya mpango. Kuhama kimyakimya kunakurudisha mwanzo. Na mawazo ya kujiua yakija, usingoje siku ya kikao. Nenda siku hiyo hiyo idara ya dharura ya hospitali ya rufaa, mathalani Jaramogi, ile watu wa Kisumu huiita Russia, na uende na mtu.