Kikao cha wazazi bila daftari la michango

Kama una mtoto shule ya serikali, unajua kikao cha wazazi kinavyokwenda. Mnaitwa saa tatu, kinaanza saa nne na nusu. Mwenyekiti wa kamati anafungua, mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, anasoma taarifa: hela ya mlinzi bado, uji bado, mitihani ya majaribio bado. Halafu yanafuata majina. Anayesomwa anainamisha kichwa, na kikao kijacho haji. Mimi ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo naviona vikao hivi kutoka mezani na kutoka kwenye madawati pia. Wengi wa hao tunaowaita wazazi wasio na mwamko wamechoka tu kudaiwa mbele za watu.

Ugomvi wenyewe una historia. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Huku mtaani tukalisikia neno moja tu: bure. Shule ya msingi nayo ikabaki na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hata hiyo haifiki yote, maana sehemu yake ni ya vitabu. Ulikuja waraka wa ufafanuzi mwaka 2016 kueleza kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Nani aliusoma? Mwalimu akamwona mzazi mkwepaji, mzazi akamwona mwalimu mla hela, na mtoto akawa anabebeshwa ujumbe wa kwenda na kurudi.

Leo mwalimu wa darasa la pili, binti mdogo tu, aliomba akutane na wazazi wa darasa lake peke yao. Saa kumi jioni, watu wakiwa wametoka shamba na sokoni. Kwenye karatasi ya mwaliko aliandika kwa mkono kwamba hakutakuwa na suala la mchango. Nadhani ni sentensi hiyo iliyoleta watu, maana darasa lilijaa, na akina baba walikuwepo, jambo ambalo hapa kwetu Morogoro si la kila siku.

Hakuhutubia. Kila mtoto alikaa na mtu wake dawati moja, akapewa karatasi yenye hadithi fupi. "Mtoto asome, mzazi asikilize. Usimsaidie." Basi.

Nilikaa nyuma ya bibi mmoja anayelea wajukuu. Mwenyewe alishasema mlangoni kwamba hajui kusoma, kwa hiyo ameitwa bure. Mjukuu akaanza, na akaenda mbio bila kukwama, sauti juu. Darasani mtoto huyo anahesabika miongoni mwa wanaojua. Bibi akamwangalia, akaiangalia karatasi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu hasomi. Kahifadhi. Macho yako darini."

Mwalimu akaja, akafunika mstari wa juu kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati ya ukurasa. Mtoto kimya. Bibi akasema watoto wa madrasa hukaa barazani kwake, anawasikia kila siku, na anamjua aliyehifadhi na anayesoma, hata kama yeye herufi hazijui. Mwalimu ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja na wanasoma kwa pamoja, sauti moja kubwa. Angemgunduaje?

Nikawakumbuka watu wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakimpa mtoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili aisome palepale nyumbani. Ripoti zao za mwanzo, miaka ya 2010 na 2011, zilishtua nchi, kwa sababu wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuiweza hadithi ile. Wakubwa wakabishana kuhusu takwimu. Kwangu mimi faida kubwa ilikuwa kwa yule mzazi aliyesikia kwa masikio yake, na hilo ndilo lililosahaulika upesi.

Baada ya kusoma watu wakaanza kuzungumza, na safari hii mwalimu ndiye aliyekuwa akiandika. Mama mmoja alisema, kwa woga, kwamba mwanawe anasinzia darasani kwa sababu alfajiri anazungusha vitumbua stendi kabla ya kuja shule. Mwalimu hakufoka. Aliuliza kama vitumbua vinaweza kupewa mkubwa wake siku za mtihani. Baba mmoja wa bodaboda akasema yeye hurudi saa nne usiku, mtoto kalala, atamsikiliza saa ngapi? Akaambiwa asubuhi akimpakia, amsimamishe kwenye vibao vya maduka asome. Duka la dawa, saluni, fundi viatu. Vya bure hivyo.

Kisha likaja la viboko. Mzazi alisema mtoto wake alichapwa kwa kutofanya kazi ya nyumbani wakati daftari lilikuwa limejaa na yeye hana la kununulia lingine. Nikasema nilijualo: kwa kanuni, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye kibali cha maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Pakawa na ukimya kidogo. Mwalimu akajibu kwamba atalifikisha ofisini. Sina hakika kama atathubutu, ni mgeni pale.

Suala la uji halikuwemo kwenye ajenda, lakini lilijiibua lenyewe nje, chini ya mwembe, mwalimu akiwa kashafunga darasa. Mwenye hela atoe hela, mwenye mahindi atoe debe, asiye na vyote alete kuni au aje zamu ya kupika, mradi asiwepo mtoto wa kusimama pembeni akiwatazama wenzake wanakunywa. Mzee mmoja akauliza ufunguo wa stoo atakaa nao nani, maana mwaka jana magunia yaliota miguu. Wakakubaliana kufuli mbili, moja ya mzazi, moja ya mwalimu.

Jumatano kamati inakaa. Nitaomba darasa la nne wafuate, kabla ya upimaji wa taifa. Mwalimu mkuu atasema darasa la mtihani ndilo linalodaiwa zaidi, haiwezekani kuwaita wazazi wale bila kuwakumbusha. Nitamwambia awakumbushe kwa barua, wiki nyingine.