Siku moja maishani mwangu: "Lini?" kwa kalamu nyekundu

Saa 11:15 alfajiri

Nyumba bado imelala. Mezani kuna insha 38 za darasa la saba A, watoto wa miaka 12 na 13. Niliwaambia waandike hadithi ya mtu aliyepatwa na changamoto ikambadilisha. Jana usiku nilizisoma haraka haraka. Alfajiri hii natoa alama.

Nyingi ni kama zimetoka tumbo moja. Mhusika ni mvivu, au mchoyo, au mwoga, kurasa mbili nzima. Mto unafurika, au anafeli mtihani, au anapotea msituni. Halafu sentensi ya mwisho kabisa: "Tangu siku hiyo akawa mtu mwema." Sita wamefunga kwa "mvumilivu hula mbivu", ingawa kuna mmoja ambaye mhusika wake hakuvumilia chochote, aliokolewa na mjomba mwenye gari.

Pembeni naandika neno moja kwa kalamu nyekundu: Lini? Nataka nionyeshwe mahali mtu huyu alipogeuka. Shida kumpata mtu si habari ya kutosha, kwani shida humpata kila mtu. Kufikia saa 12 nimeshaandika "Lini?" mara 23.

Insha moja haina hata ile sentensi ya mwisho. Ni ya msichana ambaye darasani huongea kama anayelipia kila neno. Mama wa mhusika anaugua, siku zinapita, hadithi inaisha. Naandika "Mhusika habadiliki", natoa 11 kwa 20, nageuza karatasi.

Saa 1:30 asubuhi

Mashine ya fotokopi imemeza karatasi zangu tena. Basi, ubao utatosha.

Saa 2:20 asubuhi

Vipindi viwili mfululizo na A. Naanza na hadithi wanayoijua tangu wakiwa wadogo, ya sungura na kobe kwenye mbio. Nauliza: mbio zile zilimbadilisha nani?

"Kobe!" Karibu darasa zima. Kwa nini? Kwa sababu alishinda.

Nanyamaza. Kunyamaza ndiko kazi ngumu kuliko zote katika ualimu, na mimi sikuzaliwa nako. Hatimaye mvulana wa dawati la nyuma anasema, nusu kwangu nusu kwa mwenzake: "Lakini kobe alianza polepole, akamaliza polepole."

Kelele. Wengine wanaona amemvunjia kobe heshima. Ila ana haki: kobe anavuka mstari wa mwisho akiwa yuleyule aliyeondoka, mtulivu, asiye na haraka. Ameshinda bila kubadilika. Je, sungura? Ameaibika, ndiyo, lakini hadithi inakatika kabla hatujamwona akifanya lolote kwa aibu hiyo. Hatujui kama kesho atakimbia mpaka mwisho au atasema kobe alimhadaa.

Hapo nachora safu tatu ubaoni. Alitaka nini? Kilimzuia nini? Alifanya nini ambacho jana asingekifanya?

Safu ya pili ina mtego wake. Mvua si changamoto kwa mtu asiye na safari. Kizuizi kinakuwa kizuizi pale tu kinaposimama mbele ya kitu ambacho mhusika anakitaka kwelikweli, ndiyo maana hadithi nyingi za mafuriko zilizoko mezani kwangu hazinitishi hata kidogo: sijui mtu anayekimbia alikuwa akitaka nini kabla maji hayajaja.

Safu ya tatu ndiyo roho ya kipindi. Nawapa dakika 10 waandike kesho yake sungura: kobe anamwalika washindane tena. Masharti: wasitumie "alijifunza", "aligundua" wala "akawa". Matendo tu. Wanalalamika kama niliowanyang'anya kalamu zenyewe. Kisha wanaandika. Mmoja, sungura wake anakubali mbio, anafika pale chini ya mti alipolala jana, anapita bila kuugeukia. Mwingine, sungura anakuja usiku kuhamisha alama za njia.

"Huyo amekuwa mbaya zaidi," analalamika jirani yake. "Si changamoto inatakiwa imfanye awe mzuri?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo, nikawasomea kisa nilichokitunga mwenyewe. Zena ni golikipa. Bao linaingia kwa sababu alikuwa akiangalia jukwaani. Anamwambia kocha kwamba beki alimkinga asione. Mechi inayofuata beki anaachwa nje, na Zena anavaa glavu zake bila kusema neno. Wapi amebadilika? Wengi wanasema ni pale alipodanganya. Wachache wanang'ang'ania glavu: uongo ulimtoka kwa hofu, lakini glavu alizivaa akijua. Mimi niko na wachache. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishasema zamani kwamba tabia huonekana katika kile mtu anachokichagua, na anayepayuka kwa woga hajachagua bado. Jina la Aristotle sikulitaja darasani. Glavu zilitosha.

Saa 4:10 asubuhi

Mapumziko. Mwalimu wa hisabati ananitania: "Nyinyi wa lugha mnafaidi, kila jibu kwenu ni sahihi." Namwambia leo nimepata majibu 30 yasiyo sahihi kuhusu kobe mmoja.

Saa 4:45 asubuhi

Darasa la saba B. Nimeingia na furaha ya A, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Badala ya kuwauliza, nikaanza kuwaeleza. Nikawapa mhusika bapa, ambaye ana sifa moja na habadiliki, na mhusika duara, mwenye sura nyingi na anayeweza kutushangaza. Nikawaambia hata kwamba mgawanyo huo ulienezwa na Mwingereza E. M. Forster katika mihadhara yake ya 1927. Wakanakili yote kwa mwandiko mzuri sana.

"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Huenda. Lakini nilipowauliza sungura ni bapa au duara, walifungua madaftari kutafuta jibu nililolitamka.

Saa 9:05 alasiri

Nimerudisha insha. Wengine wametoka mbio. Yule msichana amebaki, karatasi mkononi.

"Mwalimu, ni kweli yangu habadiliki," anasema. "Anaamka tu kila siku. Sikutaka kuandika kwamba amekuwa jasiri, kwa sababu hakuwa."

Namwambia tuisome pamoja, nikidhani nitamwonyesha pa kuongeza. Aya ya kwanza: mama anamwamsha mtoto mara tatu, anajifunika shuka. Aya ya pili, mama anaanza kuumwa. Ya tatu ni dawa na usiku mrefu. Ya nne, katikati, bila mbwembwe yoyote: "Nikamwamsha mdogo wangu kabla hakujapambazuka, nikamfunga kamba za viatu."

Naisoma mara mbili. Namuuliza nani alimwamsha yeye siku hiyo.

Anafikiri. "Hakuna."

"Uliiweka makusudi?"

"Hapana. Ndivyo ingekuwa tu."

Sikumuuliza kama hadithi hiyo ni yake. Nikamwomba aniachie karatasi mpaka kesho. Akasita kidogo, kisha akaiweka mezani.

Saa 2:30 usiku

Somo la B la kesho nimelifuta lote. Nitaingia na kobe, chaki na mdomo uliofungwa. Bapa na duara vitasubiri mpaka wapate mtu wa kumbandika jina hilo.

Kisha nachukua ile karatasi. Nakata "Mhusika habadiliki", nakata na ile 11. Chini ya aya ya nne napiga mstari mmoja, na pembeni naandika "Hapa."