Kadi za kugonga muhuri: tulivyochangisha pesa za vitabu

Kikundi chetu kilikuwa kinatafuta pesa za kuwanunulia watoto vitabu vya hadithi, na daftari la michango watu walishalichoka. Nikapendekeza tuuze kadi tulizochapa kwa mkono, kwa mihuri ya kuchonga wenyewe. Kuchora kadi moja moja kunakula muda mno. Muhuri ukishachongwa, kinachobaki ni kugonga tu.

Wengi huanza na kiazi, na kama mnafanya na watoto hakina ubaya. Ila kiazi kina maji, rangi inateleza juu yake, na kesho yake kimeshanyauka. Mimi niliamua kutumia ufutio wa penseli, ule mweupe laini. Unachora umbo kwenye karatasi nyembamba kwa penseli iliyokolea, unalilaza kifudifudi juu ya ufutio, kisha unasugua kwa ukucha mpaka mchoro uhamie. Uzuri ni kwamba unahamia ukiwa umegeuka, kwa hiyo ukigonga, hata maandishi yanasomeka vizuri. Wakati wa kuchonga, laza wembe ili kila mstari uwe na kitako kipana kuliko uso wake. Ukichimba kuingia chini ya mstari, utamomonyoka mapema. Maumbo makubwa tuliyakata kwenye soli za kandambili kuukuu tukazigandisha kwenye vipande vya mbao.

Rangi usichovye kamwe. Ipake kwa wepesi kwenye sponji bapa, ugongegonge muhuri hapo, ndipo uuhamishie kwenye kadi. Chini ya kadi weka magazeti kadhaa. Ule ulaini ndio unaofanya rangi ishike kote. Kwa rangi mbili, anza na iliyofifia, subiri ikauke, kisha malizia na iliyokoza.

Karatasi ndiyo iliyokula pesa nyingi kuliko vyote, na sikutaka kubana hapo. Yenye uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba inasimama yenyewe mezani. A4 ukiikata katikati na kukunja kila nusu, unapata kadi mbili za A6, zinazoingia sawasawa kwenye bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, mkunjo utanyooka. Mnunuzi husamehe ua lililogongwa upande kidogo, tena wengine hulipendea hilo hilo, lakini kadi iliyokunjwa kombo huirudisha mezani.

Ndani tuliacha wazi. Kadi yenye salamu za sikukuu ikipitwa na sikukuu imelala, ila ya jani au ndege inafaa pongezi, shukrani na hata pole. Tulifunga tano tano pamoja na bahasha zake, na nyuma tukaandika kwa mkono pesa zinakwenda wapi. Mtaji wa karatasi, rangi na bahasha tuliutoa kwanza, ndipo tukatangaza kilichopatikana. Hapo sikubali mjadala. Wachangiaji wana haki ya kujua faida halisi.

Mihuri bado tunayo. Kila ufutio tumeuviringishia karatasi, kwa sababu ukikaa muda mrefu umegusana na boksi la plastiki, huyeyuka ukagandana nalo, na mchongo wote ukaharibika.