Nilivyopata laini ya simu baada ya miaka 16 gerezani

Nilipoingia ndani mwaka 2005, laini ulinunua dukani kama kiberiti. Nilipotoka, tajiri wa mitumbwi pale Kibirizi alinipa kazi ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mitumbwi (useremala nilijifunza hukohuko gerezani), akaniambia, "Malipo kwenye simu." Kumbe laini sasa ni alama ya kidole, na kidole hakisomeki bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Wiki tatu hela zangu zilipitia simu ya shemeji. Mnajua ya shemeji.

Kigoma tuko mpakani, kwa hiyo ukiomba namba hiyo swali la kwanza ni uraia: wazazi wako wamezaliwa wapi? Wangu wote marehemu. Barua ya kuachiwa ilithibitisha nimetoka gerezani tu, na jina la babu limekosewa herufi.

Aliyeniokoa ni shangazi wa Ujiji. Kwenye sanduku lake la bati kulikuwa na cheti changu cha darasa la saba na kadi ya zamani ya kura ya baba. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili waliomjua baba. Hapo niliona aibu kuliko siku ya hukumu, maana mmoja alikuwa jirani wa yule marehemu wa kesi yangu. Akasaini bila neno.

Jina nililisawazisha kwa kiapo cha wakili. Uhamiaji wakanihoji, nikajaza fomu, nikasubiri. Kadi haikuja haraka, lakini namba ya tarakimu 20 ilitosha kusajili laini.

Wa kwanza kumpigia alikuwa shangazi. Hakupokea, namba ngeni.